Chura hali, amekuwa kahawia, anashinda kwenye maji: kabla ya kubadilisha chakula pima hewa ya tanki

Kuanzia Novemba hivi huku Minnesota, Marekani, simu za dukani kwetu, duka la mahitaji ya vyura wa kufugwa, zinabadilika. Kiangazi watu wanauliza bei ya nyenje (chakula cha chura) na tanki, yaani boksi la kioo la kumfugia, la saizi gani, winta ikishaingia ni malalamiko yale yale kila siku: chura amegoma kula, chura wa kijani amegeuka kahawia, chura amejichimbia hatoki, chura anakaa ndani ya bakuli la maji mchana kutwa usiku kucha. Na anayepiga simu ni mzazi (chura ni wa mtoto lakini kulea ni kwa mama, mnajua wenyewe), na mpaka anatupigia ameshabadilisha chakula, ameshanunua vitamini, mwengine ameshaamua kwamba chura ana upweke na anataka kumnunulia mwenzake. Tukimuuliza tanki linasoma joto ngapi na unyevu asilimia ngapi, kimya.

Sasa tuelewane. Chura hanywi maji kwa mdomo kama kuku, maji yanaingia kupitia ngozi, hasa ile ngozi ya tumboni kuelekea mapajani, na ngozi hiyo hiyo inamsaidia kupumua. Hewa ikiwa kavu anapoteza maji mwili mzima bila wewe kuona tone. Na pia hana joto lake mwenyewe, mwili wake unafuata joto la pale alipo, kwa hiyo akiwa baridi tumbo halisagi chakula, na ukimlazimishia nyenje wakati tumbo limesimama ndio utakuta amevimba siku ya tatu. Kukataa kula mara nyingi ni akili yake, sio deko.

Watu wanadhani tatizo la winta ni baridi basi, wanaweka hita, wanamaliza. Hapo ndipo kwenye kazi yenyewe. Tuchukue hewa ya nje ikiwa nyuzi 10 chini ya sifuri, na unyevu wake asilimia 80, inasikika ni nyingi sana. Hewa hiyo ikiingia ndani hita ya nyumba ikaipandisha mpaka nyuzi 22 bila kuongezewa maji yoyote, unyevu wake unashuka mpaka karibu asilimia 10. Maji hayajaenda popote, ni yale yale, ila hewa ya moto ina nafasi kubwa ya kubeba maji, ni kama wali wa watu wawili uuhamishie kwenye sufuria la harusi, wali ni ule ule ila sufuria linaonekana tupu. Halafu wewe unaenda kuongeza taa ya joto juu ya tanki, yaani umepanua sufuria tena! Ndio maana tunawaambia wateja kila siku, joto na unyevu ni kitu kimoja, ukigusa hiki umegusa na kile, usinunue hita peke yake ukaenda nayo nyumbani.

Wale mliokulia Mombasa, Tanga, Zanzibar hamkuwahi kufikiria haya maana kule pwani hewa yenyewe imeshalowa, chura yuko nje ya mlango anajiendesha bila bili ya umeme. (Na tafadhali msimwambie bibi kwamba mnanunua nyenje kwa dola.)

Kila chura ana kwao. Yule wa miti wa Australia, mnene wa kijani ambaye watoto wengi ndio wanamtaka, ni mvumilivu kidogo, mchana anataka nyuzi 24 mpaka 28, yaani 75 mpaka 82 kwa vipimo vya hapa Marekani, usiku ikishuka mpaka 20 hafi, na unyevu wa 50 mpaka 60 unamtosha. Huyu akigeuka kahawia muda mrefu mara nyingi anakwambia nina baridi au kuna kitu kinanisumbua. Pakmani, yule mdomo mkubwa wa Amerika ya Kusini anayejifukia kwenye udongo, joto ni hilo hilo la 24 mpaka 28 lakini unyevu apewe 60 mpaka 80, na udongo ukikauka anafanya ambacho wenzake wanafanya wakati wa ukame huko kwao Gran Chaco, nyika ya Amerika ya Kusini, anajifunika na matabaka ya ngozi yake mwenyewe iliyokauka anatulia humo, mtoto anakuja dukani analia chura amekufa, kumbe bado yuko hai. Chura macho mekundu wa Amerika ya Kati anataka unyevu zaidi usiku maana ndio anaamka. Wale wadogo wa rangi kali, wa mishale ya sumu, sumu hawana wakiwa wamezaliwa na kulishwa kwenye matanki, lakini wanataka unyevu wa 80 kwenda juu na joto la kawaida tu la 21 mpaka 26, ukiwapa joto la pakmani utawaua. Kwa hiyo ukisoma kitu mtandaoni kuhusu "chura" bila kuambiwa chura gani, achana nacho.

Vipimo sasa. Ile saa ya mviringo ya kupimia unyevu, ya kubandika, ya mshale, inayokuja bure na tanki, mimi ningeitupa. Tumeziona zinasoma 70 kwenye tanki kavu kabisa na zinasoma 70 ukiziweka mezani. Chukua kipimo cha dijitali chenye waya, kile kichwa chake ukiweke pale chura anapokaa, sio juu karibu na taa. Na hata cha dijitali usikiamini hivi hivi, kijaribu kwa chumvi: chukua kifuniko cha chupa ya soda, weka chumvi ya mezani, dondoshea maji kidogo iloe tu isiwe supu, kitie kifuniko pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki wa zipu, funga vizuri, acha kwenye chumba usiku mzima bila kufungua fungua. Hewa juu ya chumvi iliyolowa inatulia kwenye asilimia 75, hiyo ni tabia ya chumvi na haibadiliki, kwa hiyo kipimo chako asubuhi kinatakiwa kisome 75. Kikisoma 68 jua kinapunja 7, andika kwenye kibandiko nyuma yake, maisha yanaendelea. Ukiona uvivu kilete dukani tutakijaribu sisi, hatuchaji.

Kwenye joto, kosa tunaloliona zaidi ni mkeka wa joto kuwekwa chini ya tanki. Boksi lenyewe lina picha inaonyesha chini, sawa, lakini pakmani akisikia joto anafanya nini? Anachimba kwenda chini kutafuta ubaridi, kwa maelfu ya miaka chini ndio kwenye ubaridi, sasa wewe umemuwekea jiko huko huko, na kadri anavyoungua ndivyo anavyozidi kuchimba. Bandika ubavuni, upande mmoja tu, juu kidogo ya usawa wa udongo, ili upande mwingine ubaki na ubaridi na achague mwenyewe. Na mkeka bila themostati hatuuzi, mteja mmoja mmoja anakasirika anasema tunamlazimisha kununua vitu viwili lakini mkeka ukiwa peke yake haujui kusimama, unaweza kupanda mpaka kioo kikawa cha kuunguza, themostati ndio inaukata ukifika 27 na kuuwasha ukishuka. Kile kichwa cha themostati kibanwe ndani pale mkeka ulipo kwa nje, kikining'inia nje ya tanki kitasoma joto la sebule na mkeka utawaka bila kusimama.

Taa za joto zinafaa kwa chura wa miti kama ziko NJE ya wavu, ndani atairukia usiku na kuungua tumbo. Zinakausha sana pia. Taa nyekundu ya usiku mimi siipendi, chura anahitaji giza.

Unyevu wenyewe unaanzia kwenye mfuniko. Matanki mengi yana wavu juu, mzuri kiangazi, lakini winta maji yote unayopuliza yanapanda na kutokea hapo ndani ya saa moja. Funika kama theluthi mbili ya wavu kwa kioo au plastiki ngumu, acha sehemu iliyobaki wazi hewa ipite. Usifunike wote! Tanki lililofungwa kabisa lina unyevu lakini hewa imelala, na hewa iliyolala yenye maji maji ndio nyumba ya ukungu na bakteria, ukianza kuona wekundu kwenye mapaja na tumbo la chura hapo tumeshatoka kwenye mambo ya duka, hiyo ni hospitali. Hili naligusa makusudi kwa sababu mteja akishaambiwa unyevu unyevu anaenda kumwaga maji mpaka tanki linakuwa kinamasi. Udongo ukiufinya mkononi ushikane bila kudondosha maji, basi. Na unyevu mwingi ukikutana na baridi ni mbaya kuliko hata ukavu, kwa hiyo joto lirekebishe kwanza ndio uje kwenye maji.

Udongo tunaopendekeza ni ule wa makumbi ya nazi, unauzwa umegandamizwa kama tofali, unaloweka unafumuka. Wa pwani mtacheka, kule makumbi tunawashia moto huku yanauzwa kwenye plastiki. Lakini yanashika maji na kuyaachia polepole siku nzima, ndio kazi tunayoitaka, na pakmani anahitaji kina cha kujifukia mwili wote. Kokoto hapana, chura anapoparamia nyenje anameza na kokoto, inaziba tumbo.

Kupuliza maji ni asubuhi na jioni, jioni ndio zaidi maana wengi wanaamka usiku, halafu acha kioo kikauke katikati. Usomaji kupanda na kushuka ndani ya siku ni kawaida, msikimbie na chupa kila namba ikishuka mbili. Maji ya bomba yatiwe dawa ya kuondoa klorini kwanza. Ule ushauri wa kuacha maji kwenye ndoo siku nzima unasaidia kwa klorini tu, miji mingi huku inatumia kloramini, dawa nyingine ya kusafishia maji, na hiyo haipotei kwa kusubiri. Bakuli lake libadilishwe kila siku, anajisaidia humo humo na anakunywa humo humo kwa tumbo.

Zile mashine za kutoa moshi wa maji zinapendeza kwenye video lakini kwa wengi wenu hazihitajiki, zinahitaji kuoshwa kila mara, zisipooshwa zinampulizia chura uchafu usoni. Bora ununue mashine ya kawaida ya unyevu ya chumba mnacholala, chumba kikifika unyevu wa asilimia 40 kazi ya tanki inapungua nusu na midomo yenu wenyewe itaacha kupasuka.

Umeme ukikatika usiku wa theluji, usihangaike na tanki zima. Mtoe chura umweke kwenye boksi dogo la plastiki lenye matundu na tishu zilizoloweshwa, boksi uliweke ndani ya kuli boksi ya pikiniki pamoja na chupa ya maji ya moto kiasi iliyofungwa taulo, isimguse, mfuniko usikazwe. Usimlishe mpaka joto lirudi.

Huduma yetu winta hii ni hivi: ukinunua tanki kwetu au hata ulilinunua kwengine, tunakata kioo cha kufunika wavu kwa kipimo chako, tunakufungia mkeka na themostati na tunaviacha viwake dukani usiku mmoja kabla hujavichukua. Kwa wanaouliza kwa WhatsApp, msitume picha ya chura peke yake, tunaona tu amekasirika. Tuma picha ya tanki zima pamoja na mfuniko, namba za joto na unyevu za mchana na za saa tisa usiku kama unaweza (vipimo vingi vya dijitali vinahifadhi namba ya chini kabisa, bonyeza tu), na utuambie hita ya nyumba iko karibu na tanki au la. Akiwa amevimba, ana wekundu, au hawezi kujigeuza ukimlaza chali, usisubiri jibu letu, tafuta daktari wa wanyama anayetibu vyura, sio wote wanawatibu kwa hiyo uliza kwenye simu kabla hujatoka nyumbani, na ukimbeba mfunike asipigwe na baridi kutoka mlangoni mpaka kwenye gari.