Fidia ya madhara ya chanjo ianzie kwenye kadi ya kliniki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie hoja ya kuanzisha mfuko wa kuwafidia watu wanaodhurika na chanjo. Naiunga mkono hoja hiyo, lakini nimekuwa muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto kwa miaka 26, na nijuavyo mimi kitakachoukwamisha mfuko huo si fedha, bali ni namna mzazi atakavyothibitisha kwamba chanjo ndiyo iliyomdhuru mwanawe.

Miaka kadhaa kabla sijastaafu, mama mmoja wa huku tambarare, chini ya mji wa Moshi, alimleta mtoto wa miezi tisa aliyekuwa amepata degedege siku ya tisa baada ya kuchomwa chanjo ya surua-rubela. Mwenzangu aliyekuwa zamu alimjibu kwamba ingekuwa ni chanjo, homa ingempata mtoto siku ileile. Alikosea. Chanjo ya surua ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na kwa kuwa virusi hivyo huhitaji siku kadhaa kuongezeka mwilini, homa yake huja kwa kawaida kati ya siku ya saba na ya kumi na mbili. Ile ya pentavalenti, yaani inayokinga magonjwa matano kwa pamoja, anayochomwa mtoto akiwa na wiki sita, kumi na kumi na nne, ndiyo ambayo homa yake huja ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo siku ya tisa, iliyotumiwa kumfukuza yule mama, ndiyo hasa iliyomtetea. Lakini haikumtosha. Ukanda ule una malaria, mtoto hakupimwa damu siku aliyoanguka, na rejista tulipoifungua ilikuwa na tarehe tu, bila namba ya bechi ya kichupa, yaani inayotambulisha toleo la chanjo lililotoka kiwandani pamoja. Nakiri kwamba nami, siku za foleni ndefu, nimewahi kuiruka safu hiyo.

Kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani, tukio la aina hii likishachunguzwa huwekwa katika moja ya mafungu manne: linaloendana na chanjo, lisilo na uhakika, lililosadifiana tu na chanjo, na lisiloweza kuainishwa kwa sababu taarifa hazitoshi. Suala la yule mama lingeangukia fungu la nne, ambako mtu hashindi wala hashindwi, anarudi nyumbani tu.

Marekani, kwa sheria ya mwaka 1986, ilianzisha mfuko unaotokana na tozo ya senti 75 za dola kwa kila ugonjwa unaokingwa katika dozi moja. Kinachonivutia zaidi ni jedwali lililoambatana nao, linaloorodhesha madhara ya kila chanjo na muda yanapotarajiwa kutokea. Mzio mkali wa ghafla ukitokea ndani ya saa nne, au ubongo ukiathirika kati ya siku ya tano na ya kumi na tano baada ya chanjo ya surua, mdai huhesabiwa amethibitisha mpaka upande wa pili uoneshe chanzo kingine. Aliye nje ya jedwali hubebeshwa mzigo wake, lakini mwaka 2005, katika shauri la Althen, mahakama ya rufaa ilimwekea mzigo huo kikomo: alete nadharia ya kitabibu inayounganisha chanjo na madhara, mfuatano wenye mantiki wa chanzo na matokeo, na muda unaoafiki nadharia hiyo. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya nayo ilikubali mwaka 2017 kwamba ushahidi mzito, mahususi na unaowiana unaweza kutosha hata pale sayansi haijakata shauri, ila ikakataa kuwa dalili fulani zikionekana tu basi chanjo ihukumiwe moja kwa moja.

Kwetu, Sheria ya Ushahidi inamtaka anayedai athibitishe, na kipimo cha kesi za madai ni uwezekano ulio mkubwa zaidi, si kutoacha shaka kama ilivyo kwenye jinai. Daktari akiulizwa, husema "siwezi kusema kwa uhakika," nasi tunasikia "hapana." Hilo ni jibu la maabara kwa swali la mahakama, na mfuko utakaojengwa bila kutenganisha mambo hayo mawili utawarudisha watu wengi mikono mitupu.

Wapo watakaosema barua hii inawatisha wazazi. Mkoa wa Kilimanjaro ulianza na chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi mwaka 2014, kabla haijaenea nchi nzima mwaka 2018, na katika maswali ya wazazi niliyojibu wakati ule sikuona aliyeikimbia chanjo kwa sababu aliandikiwa taarifa kamili.

Ninachoomba Wizara ya Afya ifanye hata kabla mfuko haujaundwa ni kwamba namba ya bechi na saa ya kuchomwa ziandikwe kwenye kadi anayobaki nayo mama, si kwenye rejista ya kituo peke yake; kwamba mtoto atakayeletwa na degedege katika wiki mbili za mwanzo baada ya chanjo apimwe malaria siku hiyohiyo na majibu yaandikwe kwenye kadi hiyo; na kwamba mzazi apewe nakala ya fomu ya maudhi ya chanjo inayotumwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba nchini. Yule mama alikuwa na kadi moja tu, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, na juu yake palikuwa na tarehe na sahihi isiyosomeka.

Wako,
Muuguzi mstaafu,
Kiborloni, Moshi.