Jiko la mkaa lisiingie hemani

Mhariri,

Shule zikifungwa mwezi wa Juni, familia nyingi kutoka Dar es Salaam na Tanga hupanda Lushoto pamoja na marafiki, wakapiga kambi Magamba na vijiji vya jirani. Ni safari nzuri, na watoto wanaowaona mbega juu ya miti ile hawasahau. Lakini Juni ni kipupwe, na baridi ya Usambara huwakuta wageni na shuka moja moja. Hapo ndipo jiko la mkaa lililopikia chakula cha jioni linapoingizwa hemani ili lipashe joto. Naomba nafasi niseme wazi: jiko hilo linaua, na wala halihitajiki.

Wengi huogopa moshi, kwa hiyo husubiri mkaa uwake vizuri mpaka uwe mwekundu, wakidhani sasa ni salama. Sivyo. Mkaa usiotoa moshi bado hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Hata makaa yaliyofunikwa na majivu huendelea kuitoa. Kufungua zipu kidogo hakutoshi, na jiko la gesi nalo lisiwashwe ndani.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Aliyelala huenda asihisi lolote kati ya hayo. Wawili wakiumwa kichwa kwa pamoja ndani ya hema moja, wote watoke nje mara moja, mlango uachwe wazi, kisha waende hospitali hata kama wanajisikia nafuu. Maziwa hayaondoi sumu hii, na kumnywesha aliyezimia ni kumpalia.

Sasa, baridi ikabiliwe vipi? Kwanza ijulikane inatoka wapi. Joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na Lushoto mjini ni kama mita 1,400; msitu wa Magamba uko juu zaidi. Lakini mlalaji huibiwa joto na ardhi kuliko anavyoibiwa na hewa. Mwenye blanketi tatu akijifunika zote tatu atatetemeka usiku kucha. Atandike mbili, ajifunike moja, ataona tofauti. Chini ya blanketi kuwe na mkeka mnene au sponji, na kama hakuna, maboksi makavu yaliyofunuliwa yanafaa sana. Godoro la kupuliza peke yake halitoshi, kwa sababu hewa iliyomo ndani hupoa pamoja na ardhi.

Turubai la chini ya hema likunjwe kingo zake ziishie ndani ya ukubwa wa hema. Likitokeza nje, hata kwa upana wa kiganja, hukinga mvua na kuipeleka moja kwa moja chini ya walalao. Kosa hili ni la kawaida mno, na godoro la sponji likishalowa halikauki tena safari ile yote.

Kosa la pili ni kufunga kila tundu. Watu wanne wakipumua ndani ya hema lililofungwa, mvuke hugeuka maji kwenye paa, na alfajiri yanawadondokea. Matundu ya juu yaachwe wazi pande mbili. Nguo za kutwa, hasa jinzi, hushika jasho na ukungu. Zivuliwe zote kabla ya kulala, zivaliwe nyingine kavu, pamoja na soksi na kofia ya sufu. Mtoto anywe uji wa moto, aende haja, ndipo alale. Chupa ya mpira yenye maji ya moto, iliyofungwa ndani ya soksi nene, ikiwekwa miguuni hukaa na joto kwa saa kadhaa. Chupa laini za maji ya dukani zisitumike, hujikunja zikamwaga.

Hema lisisimamishwe bondeni, kwani hewa baridi hutelemka na kutuama huko usiku, wala chini ya mkaratusi au tawi kavu. Kagueni pia njia za siafu kabla ya kupigilia vigingi, na chakula kisilale ndani. Hema linalouzwa kuwa la watu wanne huwatosha wakubwa wawili na watoto wawili, mabegi yakiwa kwenye gari. Familia mbili zichukue mahema mawili.

Ombi langu ni kwa wanaokodisha mahema na kuongoza wageni. Kila hema litoke na mikeka yake na blanketi za kutandika, bila kusubiri mgeni aulize, maana mgeni wa pwani hajui aulize nini. Jiko likishapika lizimwe kwa maji mpaka makaa yashikike kwa mkono. Na pale wageni wanapolipia vibali pawekwe kibao chenye herufi kubwa: jiko lisiingie hemani. Mwenye kambi ayarudie maneno hayo kwa mdomo kabla giza halijaingia.

Msomaji wako,
Lushoto, Tanga