Spacio yetu inachemsha safari ndefu tu: tufungue hedi au tuanze na rejeta?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaulize mafundi na wenye magari ya aina hii. Gari ni Toyota Spacio ya zamani, modeli AE111, injini 4A ya sisi 1,600, otomatiki. Ndilo gari la familia hapa Tabora: linapeleka watoto shule, mama kliniki Kitete, na mara kwa mara linatupeleka Urambo kwa wazee. Mjini halina neno. Tabu ni barabara ya Urambo.

Likikaa kwenye spidi 80 hadi 100, mshale wa temperecha unatulia katikati kwa muda mrefu, kisha kabla ya Usoke unaanza kupanda. Ukiwasha kiyoyozi unapanda mapema zaidi. Ukipunguza hadi 60 na kufungua hita unashuka taratibu. Ukisimama unakuta kopo la akiba limejaa mpaka linamwaga, na injini ikipoa maji hayo hayarudi kwenye rejeta. Chini hakuna tone. Mipira mikavu, kitundu cha chini cha wota pampu kikavu, kapeti la upande wa abiria kavu, kwa hiyo hata rejeta ndogo ya hita haivuji. Lakini asubuhi rejeta inadai maji.

Mfuniko wa rejeta umebadilishwa, ulioandikwa 0.9, yaani kiwango cha presha unachoshikilia. Mkanda unaozungusha wota pampu ni mpya. Feni nayo ni nzima: kwenye injini hii ukichomoa waya wa swichi yake ya joto, feni inatakiwa iwake yenyewe, na inawaka, ukirudisha waya injini ikiwa baridi, inazima. Isitoshe, feni mbovu hujionyesha gari likiwa limesimama au kwenye foleni. Kwenye spidi 80 upepo wa barabarani unatosha, kwa hiyo naomba wasomaji wasinishauri kuifunga feni direkti, izunguke muda wote.

Mafundi wawili wameligawa gari hili katikati.

Wa kwanza anasema hedi gasketi imeungua, yaani kile kizibo kilicho kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku. Ukijaza maji hadi shingoni injini ikiwa baridi, ukawasha bila mfuniko, vinatoka vipovu vidogo visivyokata, hata baada ya hewa ya kawaida kuisha. Ukifunga mfuniko, mpira wa juu unakuwa mgumu ndani ya muda mfupi sana, kabla maji hayajapata moto. Maji baridi hayawezi kutengeneza presha hiyo, lazima ni moshi wa silinda unaoingia kwenye njia ya maji. Na plagi ya silinda ya tatu imetoka nyeupe safi wakati nyingine tatu zina rangi ya kahawia.

Wa pili anapinga: oili ni safi, haina rangi ya maziwa, na hakuna moshi mweupe. Hoja hiyo hainitoshi. Gasketi inaweza kupasuka kati ya silinda na njia ya maji bila kuigusa njia ya oili, na oili ikabaki safi kabisa. Lakini hoja yake nyingine ina uzito: gari linalochemsha kwenye mwendo tu kwa kawaida lina rejeta iliyoziba au maji yasiyozunguka vya kutosha. Ukipitisha kiganja kwenye rejeta injini ikiwa imezimwa na bado ya moto, upande mmoja wa chini ni wa baridi. Na mpira wa chini, ule unaovutwa na pampu, unabonyea injini ikipandishwa mzunguko. Maji yaliyomwagwa yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Ni kutu ya bloku, maana kwa miaka gari limejazwa maji ya kisima bila kulanti, ile dawa ya rejeta inayozuia kutu.

Kuna jambo la tatu ambalo mafundi wote wawili wanalipuuza: themostati, ile vali inayofungua na kufunga njia ya maji kulingana na joto, ilitolewa zamani, kabla gari halijafika kwetu. Wengi hapa wanaamini kuitoa kunapoza injini. Kwenye injini hii ni kinyume. Themostati yake ina kisahani cha pili kinachoziba njia ya mkato maji yakipata moto. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi muda wote na sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Mjini huoni tofauti, safari ndefu unaiona. Tukumbuke pia Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na huku maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Presha ya mfuniko ndiyo inayotuokoa. Ikipotea, hatuna akiba.

Ninavyoona mimi, ugonjwa ni yote mawili: rejeta na themostati vilianza, joto likapindisha hedi, gasketi ikafuata. Bloku ya 4A ni chuma na hedi ni aluminiamu, havitanuki sawa. Gasketi mpya juu ya rejeta ileile itaungua tena.

Maswali yangu ni haya. Kuna fundi Tabora au Nzega mwenye kile kipimo cha maji ya bluu yanayogeuka njano yakikutana na moshi wa silinda? Nataka uhakika kabla hedi haijafunguliwa.

Hedi ikifunguliwa, wapi inasawazishwa kwenye mashine ya kweli? Hapa nimeonyeshwa msasa juu ya kioo, na sikubali, kwa sababu upindaji unaoruhusiwa ni milimita 0.05 tu. Na nani anafunga kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza: boliti 10, kuanzia katikati kwenda nje, 29 Nm kwanza, kisha kuzungusha nyuzi 90, kisha 90 tena, zile za urefu wa milimita 108 upande wa egzosi na za 90 upande wa kuvutia hewa? Kukaza kwa mkono na makisio nimeshakuona kwenye magari ya watu.

Rejeta ya matanki ya plastiki inazibulika ikapona, au ninunue nyingine moja kwa moja?

Mwisho, ndugu zangu wananishawishi ninunue injini ya mtumba badala ya hedi. Aliyewahi kununua 4A ya mtumba anieleze alipimaje kompresheni na njia za maji kabla ya kulipa, na kama muuzaji alikubali iwashwe palepale.

Ahsanteni sana.

Msomaji, Ipuli, Tabora