Mafuta ya nyonyo ya Thirukarukavur si ya kunywa

Ndugu Mhariri,

Msomaji wenu aliyekiita Thirukarukavur, kule Tamil Nadu, kusini mwa India, "kijiji cha waganga wa uzazi" amenikera. Nimefika huko. Nilimsindikiza mpwa wangu kutibiwa Chennai, na kabla ya kurudi mwenyeji wetu akatupeleka.

Kijiji kiko kando ya mto Vettar, mmoja wa mikono ya Kaveri, wilaya ya Thanjavur. Ilikuwa Mei, mto mchanga mtupu, wakulima wakisubiri maji ya bwawa la Mettur, ambayo kwa desturi hufunguliwa Juni 12.

Kijijini kuna hekalu la Kihindu ambako wajawazito huombewa, na hadithi yake ni hii. Vedhika alikuwa mjamzito, mumewe Nidhruva hayupo nyumbani. Akabisha hodi mtawa mwenye njaa, Urdhvapada. Mama wa watu alikuwa hoi, hakuweza kuinuka kumpokea. Mtawa akapandwa na hasira, akamlaani, mimba ikaharibika. Mungu wa kike, Garbharakshambigai, akaikusanya, akaihifadhi chunguni hadi mtoto akatimia.

Uganga uko wapi hapo? Nimezalisha miaka 31. Wajawazito walioinuka kumpikia mgeni huku miguu imevimba nimewaona wengi, na mgeni sijasikia akilaumiwa hata siku moja. Kule, mungu alimtetea aliyeshindwa kuinuka.

Kumtibu mtu ugonjwa au kupiga ramli sikuona. Niliona binti aliyechutama kizingitini mwa chumba cha mungu huyo wa kike, akakipaka samli, kisha akachora maua kwa kidole taratibu, mama mkwe amemshikia mkoba. Samli iliyobaki huenda nayo nyumbani, akala na mumewe. Ndani, mungu mwingine, Shiva, ni wa udongo wa kichuguu, kwa hiyo hamwagiwi maji. Hupakwa zabadi, manukato yale yale ya ngawa ambayo bibi zetu wa pwani waliyajua.

Ila kubwa lililonifanya nishike kalamu ni mafuta ya nyonyo. Msomaji aliandika kwamba wajawazito hupewa wanywe. Sivyo. Yanayoombewa pale hupakwa tumboni uchungu ukishaanza. Kuyanywa, kama wafanyavyo baadhi ya wenzetu huku, huharisha na huweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Naomba msahihishe toleo lijalo, maana gazeti lile nimelikuta juzi kwenye benchi la kliniki ya wajawazito, limekunjwa ukurasa huo huo.

Mkunga mstaafu,
Tanga