Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu,
Walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Sisi wanachama wa Klabu ya Sayansi tunakukaribisha kwa furaha na kukushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Tunajua shughuli zako ni nyingi, kwa hiyo risala hii haitazunguka.

Muhula huu tulichagua kusoma jangwa. Tukiri mapema kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulikanyaga. Tulianza tukidhani kuwa huko kila kiumbe huhangaika kivyake. Vitabu vikatusuta: maji yanapoadimika, ni wachache mno wanaomudu kuishi bila mwenzao. Lakini tusidanganyane, Mheshimiwa; kufaana huko si kwa mapenzi. Ni kwa hesabu.

Aliyetushangaza kuliko wote ni nondo wa yuka, mdudu afananaye na kipepeo anayeutegemea mmea uitwao yuka, katika majangwa ya Marekani kama Mojave. Nondo jike hukusanya chavua kwa viungo maalumu vya mdomoni, akaifinyanga donge na kuibeba hadi ua jingine. Hapo hutaga mayai ndani ya ovari, yaani kifuko cha mbegu, kisha hupanda juu na kuishindilia chavua kwenye stigma, ncha ya ua inayopokea chavua. Viwavi wake watakula sehemu ya mbegu, na zitakazosalia ndizo uzao wa yuka. Aina nyingi za yuka hazina mchavushaji mwingine, na nondo naye hana pengine pa kulelea watoto. Akizidisha mayai, mmea hulidondosha ua lile pamoja na vyote vilivyomo. Tulibishana kipindi kizima kama hiyo ni adhabu. Mwalimu wetu akatukata kauli: mmea hauna kinyongo, unaacha tu kulisha tunda lisilolipa.

Katika jangwa la Sonora kuna dungusi kakati, mmea wa miiba, mkubwa aitwaye saguaro. Akiwa mche, hujificha chini ya mti mwingine, mara nyingi ule uitwao palo verde, unaomkinga na jua kali la mchana na baridi ya usiku. Miaka mingi baadaye, akishapata kimo, hushindania maji na mlezi wake, na mara nyingine mlezi hufa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone; huyu mwenyeji hakupona. Tunaomba radhi kulitaja hilo mbele ya mgeni! Baadaye saguaro naye hugeuka mwenyeji. Ndege aitwaye gogota humtoboa shina, kidonda kikakauka na kuwa chumba kigumu, na gogota akishahama, bundi mdogo huhamia. Maua yake hufunguka usiku, popo wakanywa nekta na kuondoka na chavua usoni.

Kalahari nako kuna ndege mlamba, anayewapigia nguchiro kelele adui anapokuja. Wamemzoea, wakisikia hukimbia. Basi siku nyingine hupiga kelele hakuna adui, nao wakitawanyika, anaokota mdudu waliyemchimbua. Hata hivyo hawaachi kumsikiliza, kwa kuwa mara nyingine husema kweli.

Hayo yote yanaonekana kwa macho. Yaliyo makubwa zaidi hayaonekani. Mizizi ya mimea mingi ya jangwani imeungana na nyuzi za kuvu zinazofika mahali mzizi usipofika, zikaleta maji na fosforasi na kulipwa sukari. Juu ya udongo, bakteria, mwani na kuvu hushonana kuwa gamba jembamba linaloshika mchanga usipeperushwe na upepo. Baadhi ya bakteria hao huunasa nitrojeni ya hewani. Gamba hilo likikanyagwa, huweza kuchukua miaka mingi kurejea. Na katika jangwa la Namib, kuvu na mwani wanaoishi kama kiumbe kimoja hunywa ukungu unaotoka baharini.

Hapa ndipo tulipokwama, Mheshimiwa. Klabu ina lenzi moja ya mkononi, yenye ufa, na kwa lenzi hiyo nyuzi za kuvu tumeziona kwenye michoro tu. Ombi letu ni moja: hadubini. Tukiipata, tutaanza na mizizi ya nyasi zilizo nyuma ya darasa letu, kwani kuvu wa namna hiyo hawaishi jangwani peke yake.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi,
Wanachama wa Klabu ya Sayansi