Umebonyeza rimoti mara moja, taa imewaka na kuzima mara tatu

Wateja wanaojitengenezea taa ya rimoti nyumbani hurudi dukani na lawama moja: "Relei mliyonipa ni mbovu." Tunaipima relei hiyo, ile swichi inayovutwa na umeme, mbele yao, nzima kabisa.

Kosa huanzia kwenye rimoti yenyewe. Ukibonyeza rimoti ya king'amuzi mara moja, haitoi mmweko mmoja. Inatoa msururu wa mimweko, na mwanga wake, usioonekana kwa macho, unapepesa mara 38,000 kwa sekunde. Huamini? Ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu ubonyeze. Kipokezi cha TSOP1738 kinauchuja mwanga huo na kutoa ishara nyingi za juu na chini. Ukizipeleka moja kwa moja kwenye CD4017, yaani IC (kijisaketi) inayohesabu mipigo ili kuwasha na kuzima taa, inazihesabu zote, na taa inaishia popote, kama bahati nasibu.

Dawa yake ni IC ya 555, ya kupima muda, katikati ya hizo mbili, na bei yake ni ndogo. TSOP iingie mguu wa 2 wa 555. Miguu ya 6 na 7 iunganishwe pamoja, kisha rezista ya kiloomu 100 iende chanya na kapasita ya maikrofaradi 10 iende hasi. Hapo unapata mpigo mmoja wa sekunde 1.1, na vurugu zote za ndani ya muda huo hazihesabiwi. Mguu wa 3 wa 555 uende mguu wa 14 wa CD4017. Mguu wa 2 wa CD4017, kupitia rezista ya kiloomu 1, uende kwenye transista ya BC547 inayovuta relei ya volti 5. Mguu wa 4 urudi wa 15, wa 13 uende hasi. Bonyeza na uachie. Ukishikilia, taa itageuka tena.

Diodi ya 1N4007 juu ya koili ya relei usiiruke. Relei inapoachia, koili hurudisha volti kali kinyume, na transista ndiyo inayokufa.

Umeme wa saketi tumia chaja ya simu. Ile mitindo ya kushusha volti 230 kwa kapasita tupu hatuishauri hata kidogo: kila unapogusa pana moto.

Upande wa balbu, waya wa moto ndio upite kwenye relei. Nyutro iende moja kwa moja kwenye holda. Ukikata nyutro, taa inazima lakini holda bado ina moto, na balbu ya LED huenda ikamemeta hafifu usiku kucha. Zima swichi kuu kwanza. Kama waya za nyumba hujazizoea, sehemu hiyo mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji Tanzania.

Na umeme ukirudi saa nane usiku, taa ya chumbani inaweza kuwaka yenyewe. Weka kapasita ya nanofaradi 100 kutoka chanya hadi mguu wa 15 wa CD4017, rezista ya kiloomu 10 kutoka hapo hadi hasi, na badala ya waya mtupu kati ya mguu wa 4 na wa 15, tumia diodi ya 1N4148, mstari wake ukielekea wa 15. Ikigoma, njoo na kibao chako, kukipima hatutozi.