Sukari ya mkate wa kumimina

Mhariri,

Mume wangu alipoambiwa ana kisukari, watoto walidhani mkate wa kumimina ndiyo basi tena. Kwa vikombe viwili vya mchele nilizoea kikombe kizima cha sukari. Sasa natia robo, ndizi mbivu moja ya kuponda, na iliki naizidisha. Rojo linaumuka vilevile. Mara ya kwanza nilitia tende tupu, ukatoka mweusi, mzito kama tofali, tukawapa kuku. Moto ni uleule: makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Ndizi nayo ina sukari, kwa hiyo baba watoto namkatia kipande kimoja, chembamba, na ananuna. Mbona mapishi ya gazeti lenu kila Jumapili yanaanza na nusu kilo ya sukari?

Mama wa watoto wanne,
Tanga